Sufuria ya Watu Wanne

Lisemwe mapema, kabla wenye midomo hawajalisema vibaya: Bi Mwiko alikuwa mpishi asiyejua kupika. Alijua, tena sana, lakini alijua kwa wingi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika jiko la shule ya bweni, akikoroga masufuria ambayo mtoto mdogo angeweza kuogea ndani na nafasi ikabaki. Mpe gunia la mchele, debe la maharage na kundi la wanafunzi wenye njaa, na ikifika saa saba mchana wote wameshiba, na hakuna anayelalamika ila wale ambao watalalamika hata peponi. Mpe vikombe viwili vya mchele na watu wanne, hapo utamwonea huruma. Alikuwa sawa na mjenzi wa ghorofa aliyeombwa ajenge banda la kuku.

Siri hiyo hakuijua mtu. Alipokuwa kazini aliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya jiko la shule na kula kilichotoka sufuria ile ile ya wanafunzi. Binti yake wa pekee naye alikulia hapo hapo, akipanga foleni na wenzake, sahani ya bati mkononi. Alipostaafu, Bi Mwiko alihamia nyumba ndogo ya vyumba viwili na jiko, mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya gereji za pikipiki na vibanda vya washona viatu. Akawa anaishi kwa chai, mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Majirani walidhani amechoshwa na moto. Walisema kinyozi hajinyoi, wakamwacha.

Kisha simu ikalia. Binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na tumbo lilikwisha kuwa kubwa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kwenda na kurudi, kwa hiyo binti aliishi mji mwingine na mama mkwe wake. Na mama mkwe huyo hakuwa mtu wa kuchezea. Alikuwa na duka kubwa la vyombo, watu wakamwita Mama Vyombo, na nyumbani kwake palikuwa na kabati la vioo lenye sahani za kutazamwa tu. Binti alisema kwamba dereva angepata nafasi katikati ya kipupwe, waje wote watatu, walale usiku mmoja. Baada ya hapo wangeamua binti ajifungulie wapi na alelewe na nani: abaki kwa Mama Vyombo, au aje kwa mama yake.

Bi Mwiko alimtaka binti yake kwa moyo wote, alimtaka mpaka usingizi ukamhama. Lakini kuna jambo lililomkaa rohoni miaka mingi na ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakuwahi hata siku moja kumpikia mwanawe sahani iliyo yake peke yake. Mtoto alikula kilichobaki na kilichotosha, katikati ya makelele ya watoto wa watu. Sasa huko alikokwenda ameketishwa mezani, kitambaa cheupe, sahani tatu za jamii moja, utulivu mtupu. Bi Mwiko alijiambia kwamba akishindwa hata kumpikia mwanawe chakula cha watu wanne, atakuwa na uso gani wa kumwomba aje? Mama Vyombo alipochukua simu na kusema kwa upole, "Tutakuja tuone ulivyo, mkwe," Bi Mwiko aliisikia kama tangazo la mtihani.

Akanunua sufuria ndogo, akaanza mazoezi.

Mazoezi hayo yalimwangukia jirani yake, fundi saa. Huyu alikuwa mzee mjane, mwembamba, mwenye adabu ya kupindukia, aliyeshinda kutwa ndani ya kibanda chake ameinamia vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Bi Mwiko alimpelekea bakuli la kwanza la mchuzi. Fundi saa alikula, akanywa maji, akala, akanywa maji tena, mwisho akasema kwamba chumvi imejitahidi. Bakuli la pili lilikuwa wali uliokuwa umebadili nia katikati ya safari ukataka kuwa uji. La tatu liliungua chini, likawa bichi juu, na katikati hapakujulikana ni nini. Fundi saa alilisifu bakuli lenyewe.

Siku moja adabu ilimwishia. Akaomba amtazame anavyopika. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaona Bi Mwiko akichota chumvi kwa ngumi na kuimwaga ndani ya kisufuria kile, akashika kichwa.

"Bi Mwiko, mkono wako umezoea koleo," akamwambia. "Shika chumvi kwa vidole viwili, kama mimi ninavyoshika parafujo. Ikidondoka, usiifuate."

Tangu hapo Bi Mwiko alitembea akifanya mazoezi ya vidole viwili. Alifinya hewa akienda sokoni, alifinya hewa akirudi. Vijana wa gereji wakadhani anahesabu dhambi zao. Na kweli, haba na haba, mkono ukaanza kusikia. Siku moja kabla ya wageni kufika alipika mchuzi wa nyama na viazi, mdogo, mtamu, chumvi mahali pake. Fundi saa alimaliza, akakomba bakuli, akauliza kwa haya kama kimebaki kidogo. Hakikubaki kitu. Bi Mwiko alitazama ndani ya sufuria tupu, na badala ya kufurahi akajisikia vibaya. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu mwenye njaa kwamba chakula kimekwisha. Lakini akajiambia kwamba ndivyo watu wa heshima wanavyopika, wanapika kikaisha, na akaenda kutandika vitanda.

Wageni walifika alasiri na lori zima, maana dereva hakuwa na gari jingine, na mtaa ukafungwa kuanzia kwa mshona viatu hadi kwa muuza mafuta ya taa. Baridi ilikuwa ya kuumiza masikio. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na watu walitoa moshi puani kama birika. Mama Vyombo aliteremka kwa tabu, amevaa sweta mbili, shali na soksi za mwanawe. Dereva alibeba sanduku la sahani mpya alizoleta mama yake kama zawadi, na Bi Mwiko alipozifungua alishukuru kwa mdomo tu. Sahani hizo zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiziinua unaona vidole vyako upande wa pili.

Halafu binti akashuka. Tumbo lilitangulia, sawa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mikono ilikuwa myembamba, na mashavu yale ya mviringo yaliyokuwa fahari ya jiko zima la shule yalikuwa yamekwenda. Bi Mwiko alimkumbatia, akampapasa mgongo, akahesabu mifupa. Alipoinua macho akakuta Mama Vyombo anamtazama, na wote wawili wakageukia mizigo.

Malazi yalipangwa hivi: binti na mumewe chumba cha mbele, kwenye godoro jipya, na wakwe wawili chumba cha nyuma, kitanda kimoja, mablanketi yote ya nyumba juu yao. Nyumba ilikuwa ya bati, na upepo ulipita chini ya mlango bila kubisha hodi. Wageni walikunywa chai na makoti yao mwilini. Baada ya hapo Mama Vyombo aliomba ruhusa akajinyooshe kidogo kitandani apate joto, binti na mumewe wakabaki chumba cha mbele, na Bi Mwiko akatangaza kwamba mgeni haingii jikoni kwake. Akafunga mlango, akapiga moyo konde.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nyama ililainika, viazi vikakubali. Maharage alikuwa ameyachemsha tangu asubuhi, yakangoja pembeni. Ikafika zamu ya chumvi. Bi Mwiko alitanguliza vidole viwili ndani ya kopo, na wakati huo huo Mama Vyombo akaita kutoka chumbani, akiuliza kama mkwe wake anahitaji msaada. Bi Mwiko alishtuka. Na mkono, ukishtuka, hauulizi kichwa. Ulichota ngumi nzima, ukamwaga, ukakung'uta, kama ulivyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka yote ile.

Alionja, akafumba jicho moja. Hapakuwa na ulimi ambao ungeweza kuuvumilia mchuzi ule.

Sasa mpishi wa nyumbani angelia, akamwaga, akaanza upya. Bi Mwiko hakuwa na nyama nyingine, na kumwaga chakula kulikuwa mwiko kwake kuliko uchawi. Alijua dawa moja tu: chumvi ikizidi, ongeza vingine. Akaongeza maji. Akaongeza viazi. Akaonja, bado. Sufuria ndogo ikajaa, akahamishia ya chai. Akaongeza maharage yote, kabeji nzima, karoti za wiki nzima, akaonja. Bado. Sufuria ya chai ikajaa. Ilibaki moja tu nyumbani mle, ile aliyozawadiwa na shule siku ya kuagwa, sufuria halali ya wanafunzi pamoja na mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe. Na sufuria hiyo ilihifadhiwa chini ya kitanda alicholala Mama Vyombo.

Bi Mwiko aliingia chumbani kwa ncha za vidole. Mgeni alikuwa amejifunika gubigubi, anapumua polepole. Akapiga magoti, akatambaa, akaingia chini ya kitanda hadi kiunoni, akashika mshikio, akavuta. Sufuria ilinguruma sakafuni kama lori la dereva. Kitanda kikatikisika.

"Mkwe," ilisema sauti kutoka juu, bila haraka. "Unatafuta nini?"

"Kijiko," akajibu Bi Mwiko.

Akaiburuta nje, hakuangalia nyuma. Sufuria haikuenea kwenye jiko lake la mafuta, kwa hiyo aliitoa uani, akapanga mawe matatu, akawasha kuni. Moshi ulipopanda, fundi saa alichungulia juu ya ua. Alitazama sufuria, alitazama uso wa jirani yake, akaelewa yote. Alikwenda akarudi na mzigo wa kuni, mfuko wa mchele wake na vitunguu vyake vyote.

Hapo ndipo Mama Vyombo alipotokea uani, blanketi mabegani, nywele upande mmoja. Bi Mwiko alikuwa juu ya kigoda, mwiko mkononi, jasho linamtoka katika baridi ile. Maji yalikwisha kuzidi unga. Angeweza kutunga uongo, na alikuwa nao mmoja karibu, kuhusu desturi ya mtaa, lakini ulimi ulikataa.

"Mkwe, mimi sijui kupika," akasema. "Najua kulisha shule. Nilitaka leo mwanangu ale chakula cha nyumbani kama anachokula kwako, nimeharibu. Hiki hapa ni cha watu mia."

Mama Vyombo alisogea, akachungulia ndani ya sufuria, akasoma mwiko kutoka juu hadi chini. Mabega yakaanza kutikisika. Bi Mwiko alidhani analia. Kumbe ni kicheko, kilichoanzia mbali tumboni na kufika juu kikiwa kimeshaliangusha blanketi. Alicheka akashika ua, akacheka akamshika fundi saa, ambaye kwa adabu yake alisimama wima kama nguzo mpaka amalize.

"Kijiko," akasema akifuta machozi. "Haya, mficha uchi hazai. Nipe kisu, nimenye viazi."

Viazi vilipoiva chumvi ikakaa mahali pake, na wali ukaivia pembeni katika sufuria ya chai. Chakula cha watu mia hakiliwi na watu wanne, na katika kipupwe harufu ya mchuzi haina adabu, inaingia kila nyumba. Mafundi walikuwa wanafunga vibanda, vidole vimekufa ganzi. Wa kwanza alikuja kuuliza kama kuna msiba. Wa pili hakuuliza, alikuja na bakuli. Baada ya muda ua ulijaa vijana wa gereji wenye mafuta hadi viwikoni, washona viatu, mama muuza mkaa na wanawe. Walikuja na sahani, mabeseni, vifuniko vya vyombo, na mmoja alikuja na kofia ngumu ya pikipiki akaambiwa akatafute kitu cha maana. Zile sahani nyembamba za zawadi zilipita mikononi mwa mafundi gereji, na Mama Vyombo alizitazama zikipita, akaamua kutotazama tena. Watu walianza kusukumana. Bi Mwiko, bila kufikiri, akagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko na kutoa ile sauti iliyokuwa ikitetemesha mabweni.

"Foleni!"

Wakapanga foleni, wazee kwa vijana. Yeye akapakua, mkono unakwenda wenyewe, kila mtu kipimo chake, hakuna aliyeonewa. Furaha ilimpanda kichwani. Alitania, alikaripia, alimrudisha nyuma kijana aliyetaka kupita mara mbili kabla wengine hawajapata. Dereva aligawa wali. Mvuke ulipanda, watu walisogeleana, na baridi ikawa haina pa kukaa.

Katikati ya foleni akaona tumbo, na nyuma ya tumbo binti yake, ameshika kifuniko cha sufuria kama sahani.

Furaha ikamtoka. Siku hii, siku zote lakini si hii. Mwanawe amerudi kwenye foleni, anasubiri zamu nyuma ya wauza mkaa, mbele ya macho ya mama mkwe. Alimpakulia haraka, akamnong'oneza aende ndani aketi, atamletea sahani nzuri. Binti hata hakusikia. Alikuwa anabishana na kijana wa gereji kuhusu nani ana kiazi kikubwa. Aliegemea ukuta akala amesimama, anacheka mdomo umejaa, akakomba kifuniko, akarudi mwisho wa foleni. Alipofika mara ya pili alitaka mchuzi mwingi. Mara ya tatu Bi Mwiko alishusha mwiko ili amshike mkono amwingize ndani kwa nguvu, lakini Mama Vyombo akamwahi, akamshika yeye.

"Mwache," akasema. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Mwache ale."

Usiku huo wakwe wawili walilala kitanda kimoja, na miguu ya Mama Vyombo ilikuwa baridi kama samaki. Bi Mwiko aliivumilia. Alilala chali akipanga maneno ya asubuhi: kwamba ni kweli nyumba ni ndogo, kwamba sahani hazifanani, lakini atajifunza, fundi saa anamfundisha, kidogo tu wampe muda. Aliyapanga yakapangika. Kisha akapitiwa na usingizi, na Mama Vyombo akakoroma kwa niaba ya wote wawili.

Alfajiri Bi Mwiko aliamka kama alivyozoea, akawasha jiko, akabandika maji ya chai. Alipogeuka akamkuta mgeni wake ameketi kwenye kigoda ndani ya jiko lililokatazwa, sweta zote mbili mwilini, anatazama mikono yake. Bi Mwiko akakohoa aanze hotuba.

"Nianze mimi," Mama Vyombo akasema. "Yule mtoto kwangu hali. Umemwona mikono. Namtengea, anakula vijiko viwili, anashukuru, anainuka. Nimempeleka kwa daktari, daktari kasema ana afya, ampe nini? Nimebadili nyama, nimebadili samaki, nimebadili mpaka meza. Mimi ndiye niliyetaka safari hii, mkwe. Nilikuja nione ulikuwa unampikia nini, nijifunze, nikampikie. Naogopa kumpoteza yeye na mjukuu, usiku silali."

Bi Mwiko alisahau maneno yote aliyopanga.

"Jana nimejifunza," Mama Vyombo akaendelea. "Kwangu tunakula watu wawili, dereva akiwapo watatu. Unasikia kijiko kikigusa sahani. Yeye hajawahi kula hivyo tangu azaliwe, kila akiketi anajiona kama yuko kwenye adhabu. Wala hakujua kusema, na mimi sikujua kuuliza. Mimi nina vyombo vya kulishia mji mzima, mkwe, sina mtu wa kula navyo. Wewe una watu. Abaki hapa. Asirudi na sisi leo, abaki kuanzia sasa, na dereva atamletea nguo zake. Mimi nitakuja mtoto akikaribia kuzaliwa, kama utanipokea, na nitavaa soksi."

Kwa miaka yote ile Bi Mwiko aliibeba foleni ile kama deni kwa mwanawe, akajilaumu kila alipoona meza yenye kitambaa. Kumbe ndiyo nyumba aliyompa. Alitaka kusema asante, alitaka kumwambia mkwe wake asiende mbali, abaki naye hata leo, lakini kicheko kilimwahi, na nyuma ya kicheko kilio, vikatoka kwa pamoja, ikabidi afungue mlango wa uani apate pumzi. Upande wa pili wa ua fundi saa alikuwa anapiga mswaki katika ukungu. Alishtuka, akatoa mswaki mdomoni, akauliza kama kuna mtu kaungua.

Bi Mwiko akamjibu kwa sauti ile ya mabweni, mtaa mzima ukasikia, mpaka waliokuwa bado wamelala, kwamba binti yake anabaki.